Kamba, Mchicha wa Nazi na Dawa Unazomeza

Ukimtia kamba wa Gazi au Vanga kwenye maji ya moto, huwa mwekundu mbele ya macho yako. Rangi ile alikuwa nayo tangu baharini, imefungwa ndani ya protini. Moto unapoilegeza protini, rangi hujitokeza. Huitwa astazanthini, ndugu ya rangi za embe, papai, boga na viazi vitamu vya manjano. Zote ni karotenoidi. Mchicha nao umejaa, ila kijani huzifunika.

Rangi hizi zinahusiana vipi na dawa? Kupitia ini. Humo mna vimeng'enya vinavyovunja dawa ili itoke mwilini. Vikizidi nguvu, dawa huisha mapema, vikizuiwa, hulimbikizana. Miaka ya 1990, mjini Dijon, Ufaransa, watafiti waliwalisha panya astazanthini, na baadhi ya vimeng'enya vikapanda sana. Lakini kila kilo ya chakula cha panya ilitiwa miligramu 300. Sahani ya wali kwa kamba haikaribii hapo. Luteini, iliyomo kwenye mchicha, haikuvipandisha.

Basi msimnyime mgonjwa kitoweo, mkamwachia uji mkavu. Anayetibiwa malaria kwa vidonge vya AL, dozi sita kwa siku tatu, anahitaji mafuta, maana lumefantrini iliyo ndani ya vidonge hivyo hupenya mwilini vizuri ikikuta mafuta tumboni. Karotenoidi ni vivyo hivyo. Mpikie mchicha kwa tui zito, ale, ndipo ameze.

Cha kuogopa ni vidonge vya rangi hizi vinavyouzwa madukani kama lishe. Huko Ufini, wanaume wavutaji sigara walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku kwa miaka. Matokeo yalitoka 1994: saratani ya mapafu ilizidi kwa asilimia 18 kati ya waliomeza kuliko wasiomeza. Mvutaji, tafadhali, usivinunue.

Balungi lina mambo yake. Si rangi, ni kemikali nyingine inayozima kimeng'enya cha utumboni, na baadhi ya dawa za presha na za mafuta ya damu hupanda kupita kiasi mwilini. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache mchicha. Ale kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadili nguvu ya dawa hiyo.

Ukienda zahanati au hospitali ya Msambweni, beba vichupa vyote vya dawa unazotumia nyumbani, hata cha dawa ya miti shamba, umwonyeshe muuguzi.