SOMO LA JUMA HILI: KUNUNUA PIKIPIKI KUBWA ILIYOKWISHA TUMIKA

Pikipiki ndogo, zile za cc 100 mpaka 150, zimeenea Kenya nzima. Huchukua abiria, maziwa, mikungu ya ndizi na hata wagonjwa, na vijana wengi wamejifunza kuendesha juu yake. Baada ya mwaka mmoja au miwili kijana huanza kutamani pikipiki kubwa, itakayopanda mlima wa Mai Mahiu bila ya kuguna na kumfikisha kwao bila ya kumvunja mgongo. Mpya ni ghali mno, kwa hiyo hutafuta iliyokwisha tumika.

Tamaa hiyo si mbaya. Lakini mtu anayenunua kwa mara ya kwanza aweza kupoteza vitu vitatu kwa siku moja: uhai wake, akiba yake ya miaka, na haki yake mbele ya sheria. Somo hili laeleza jinsi ya kuvilinda vyote vitatu.

1. UHAI: PIKIPIKI ILINGANE NA MWENDESHAJI

Pikipiki ya cc 150 ina nguvu za farasi 12 hivi, na uzito wake ni kilo 120 hivi. Zipo pikipiki za mbio za cc 600 zenye nguvu za farasi zaidi ya 100. Mtu aliyezoea ile ya kwanza akikaa juu ya hii ya pili, mkono wake haujui kiasi. Akizungusha kipini cha mafuta kama alivyozoea, gurudumu la mbele laweza kuinuka, au kona ikamfikia kabla hajaiwaza.

Tena, fikiri habari ya kusimama. Ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita 11 kila sekunde. Ukienda 80, unapita mita 22. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, nafasi inayotakiwa baada ya kushika breki huzidi mara nne. Ikiwa breki zakusimamisha katika mita 8 uendapo 40, zitataka mita 32 uendapo 80. Ng'ombe akivuka njia, hesabu hiyo haibadiliki kwa ushujaa wa mtu.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2013 zatoa leseni ya kati ya pikipiki zisizozidi kilowati 35, yaani nguvu za farasi 47 hivi, na mwendeshaji hukaa na leseni hiyo miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kupanda daraja. Mnunuzi wa Kenya aweza kujiwekea kipimo hicho mwenyewe. Pikipiki ya cc 250 yatosha kabisa kwa kuanzia. Honda CB500X, yenye injini ya cc 471 na nguvu za farasi 47, iko mpakani hasa.

Kabla ya kuuliza bei, kaa juu yake. Je, miguu yako yote miwili yafika chini? Isukume mbele na nyuma kwa mikono, injini ikiwa imezimwa. Pikipiki nyingi za namna hii zina uzito unaokaribia kilo 200. Usiyeweza kuisukuma uwanjani, hutaweza kuiinua matopeni.

2. AKIBA: MACHO KABLA YA FEDHA

Nenda mchana, pasipo mvua, maana maji huficha mivujo na mikwaruzo. Nenda na fundi asiyejuana na mwuzaji. Mwambie mwuzaji asiiwashe kabla hujafika. Nawe ukifika, karibisha mkono kwenye injini kwa hadhari. Ikiwa ina moto, jua kwamba huenda imepashwa ili kuficha ugumu wa kuwaka ikiwa baridi.

Ikiwaka, tazama moshi. Moshi mweupe kidogo wakati wa baridi ya asubuhi si kitu, mradi upotee upesi. Moshi wa rangi ya samawati maana yake injini yaunguza oili yake, na matengenezo yake ni ghali. Moshi mweusi maana yake petroli yazidi hewa. Huo mara nyingi hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Usitegemee hesabu ya kilomita peke yake, kwa kuwa mita huweza kubadilishwa au kurudishwa nyuma. Tazama mipira ya vipini na ya vikanyagio. Ikiwa mita yasema kilomita 9,000 na mipira imelika mpaka chuma, mmoja wao asema uongo, wala si mpira.

Kisha tafuta dalili za kuanguka: ncha za mikono ya breki na klachi zilizokwaruzwa, usukani uliopinda, rangi mpya mahali pamoja tu. Inua gurudumu la mbele, ugeuze usukani polepole kulia na kushoto. Ukikwama katikati, beringi zake zimekwisha. Pitisha kidole juu ya nguzo za shoki za mbele. Ukipata oili, sili zake zavuja. Shika cheni nyuma kabisa ya gurudumu la meno, uivute. Ikiachana sana na meno, au meno yenyewe yakiwa yamechongoka na kupinda kama kulabu, vyote vyataka kubadilishwa.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni mna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 2316 ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2016. Raba ya zamani hukauka na kuwa ngumu, na huteleza penye maji hata kama michoro yake bado mirefu.

Yote hayo yataka kupiga magoti, na wengine huona haya kufanya hivyo mbele ya mwuzaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo jingine: vipuri vya pikipiki ndogo hupatikana karibu kila mji, lakini vya pikipiki kubwa huenda vikaagizwa ng'ambo. Basi ulizia bei za breki, cheni na klachi kwa wauzaji wa vipuri, kama wale wa Kirinyaga Road jijini Nairobi, kabla ya kununua. Wala usitoe akiba yote. Bakiza fedha za tairi, oili, bima na kofia ngumu iliyo imara. Sheria ya Kenya yataka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia hiyo pamoja na koti lenye kung'aa.

3. HAKI: HATI NA CHUMA VISEME NENO MOJA

Kila pikipiki ina namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa karibu na shingo ya usukani, na namba ya injini. Zisome mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu, uzilinganishe na hati ya umiliki; kisha linganisha jina lililomo na kitambulisho cha mwuzaji. Namba ikiwa imekwaruzwa au kupigwa upya, aga kwa adabu uende zako. Huenda ni mali ya wizi, na mali ya wizi hurudi kwa mwenyewe, fedha zako zisirudi.

Tena, pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji huwekwa katika hati pamoja na la mnunuzi. Deni lisipokwisha, mwuzaji hana ruhusa ya kuuza peke yake.

Uhamisho wa umiliki hufanywa kwa njia ya mtandao wa serikali, chini ya NTSA: mwuzaji huanza, naye mnunuzi hukubali. Usikubali neno la “nitakuhamishia juma lijalo.” Andikianeni mapatano yenye namba za vitambulisho na mashahidi, na fedha zipitie benki au M-Pesa, ili ibaki alama. Bima ya kulinda watu wengine iwepo kabla ya gurudumu kugusa barabara.

Msomaji atakayefuata utaratibu huu huenda akarudi nyumbani mara mbili au tatu kwa miguu. Asihuzunike. Pikipiki nzuri nyingine itauzwa juma lijalo, lakini mguu uliovunjika na akiba iliyokwenda havipatikani sokoni.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini pikipiki iendayo kilomita 80 kwa saa yataka nafasi mara nne ya kusimama kuliko iendayo 40?
2. Moshi wa samawati waonyesha nini?
3. Tairi yenye tarakimu 0821 ilitengenezwa lini?
4. Taja mambo mawili ya kulinganisha na hati ya umiliki kabla ya kutoa fedha.