Jaji Halali Chumbani



Hapa kwetu Mafia siku hizi luninga si kitu cha ajabu. Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vyake vya luninga mwaka 1994. Leo ukipita Kilindoni jioni utawaona majirani wamekusanyika kwa mwenzao, wengine wamekaa mkekani, wengine wamesimama mlangoni. Sie wa kundi letu la kisomo nasi tumo. Tunatazama mpira, taarifa ya habari na michezo ya kuigiza.

Siku moja kijana wa nyumba akatuwekea kipindi kingine kabisa. Kilikuwa kipindi cha mashindano ya kupamba vyumba. Kwanza tulicheka. Watu wazima wanashindana kupaka rangi na kutundika mapazia! Lakini tulipoendelea kutazama, tukaona kumbe hapa pana somo. Ndiyo sababu leo tumeliandika.

MASHINDANO YENYEWE YAKOJE?

Iko kazi ya kupanga na kupamba ndani ya nyumba za watu. Anayeifanya si mwashi wala si seremala, ingawa hufanya kazi pamoja nao. Kazi yake ni kufikiri na kuamua. Kitanda kikae wapi? Mwanga uingie vipi? Ukuta uwe wa rangi gani? Sisi tumwite mpambaji wa nyumba.

Mwaka 1996 huko Uingereza, shirika la utangazaji la BBC lilianzisha kipindi kinachoitwa Changing Rooms, maana yake kubadili vyumba. Majirani walibadilishana nyumba. Hawa walikwenda kutengeneza chumba kimoja kwa wale, na wale wakatengeneza chumba kimoja kwa hawa. Kila upande ulikuwa na mpambaji wa kuwaongoza. Walipewa siku 2 na paundi 500 za Kiingereza. Mwenye chumba hakuruhusiwa hata kuchungulia mpaka kazi iishe. Kipindi hicho kilikoma mwaka 2004, kisha mwaka 2021 kikarudishwa na kituo kingine.

Mwaka 2019 BBC ilianza kipindi kingine, Interior Design Masters. Hapo ndipo penye mashindano hasa. Walianza wapambaji 10. Walipewa vyumba vya kutengeneza, fedha zenye kikomo na muda mfupi. Jaji hupita, huangalia, huuliza maswali. Anayeshindwa huaga, na mwishoni hubaki mshindi mmoja.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kipindi kinachofanana kidogo na hivyo. Kinaitwa Shamba Shape Up, nacho kilianza mwaka 2012, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wataalamu humtembelea mkulima mdogo, wakamsaidia kurekebisha banda la ng'ombe, mabanda ya kuku na shamba lake. Hapo hakuna wa kushinda wala kushindwa. Kinachotazamwa ni kama mambo ya mkulima yamekuwa afadhali.

MABIRIKA YALIYOVUNJIKA

Katika Changing Rooms kulitokea jambo ambalo Waingereza hawajalisahau mpaka leo. Mama mmoja alikuwa na mabirika ya chai ya zamani, ameyakusanya kwa muda mrefu. Mpambaji akamtengenezea rafu za kuning'inia ili mabirika yaonekane vizuri. Kwa macho, rafu zilipendeza. Lakini zilielemewa na uzito, zikaanguka na mabirika yakavunjika. Thamani yake ilitajwa kuwa paundi 6,000. Fikirini wenyewe. Chumba kilitengenezwa kwa paundi 500, hasara ikawa paundi 6,000!

Kosa lilikuwa wapi? Rafu ilipangwa kwa ajili ya kutazamwa. Lakini kazi ya rafu ni kubeba.

Msidhani mambo hayo yako Uingereza tu. Mwenzetu mmoja katika kundi alikuwa akitarajia wageni wa harusi ya binti yake. Alikuwa ameweka akiba ya kununua makuti mapya, maana paa lilikuwa limechoka. Baada ya kuona vile vipindi akabadili shauri. Akasema, "Mgeni haangalii paa. Mgeni anaangalia ukumbi." Akanunua kabati kubwa la ubao wa unga wa mbao, ule unaogandishwa kwa gundi. Akaliegemeza dirishani, kwa sababu ukuta ule ndio uliotazamana na mlango. Akashusha mapazia mazito, akatandika zulia la plastiki juu ya sakafu ya udongo.

Siku ya harusi kila mtu alisifu. Sisi pia tulisifu, tusiseme uongo.

Kisha ikaja masika. Paa likavuja juu ya kabati. Ubao ule ukinywa maji huvimba, na ukivimba haurudi. Milango ya kabati ikagoma kufunga. Chini ya zulia unyevu ukakaa, pakaanza kunuka ukungu. Hewa haikupita maana dirisha limezibwa. Mjukuu aliyekuwa akilala ukumbini akawa anakohoa kila usiku.

Bibi wa nyumba ile, mama yake mwenzetu, akatuita sote. Akatuuliza, "Wanangu, huyo jaji wenu wa kwenye luninga, akishamaliza kusifu hulala wapi?"

Tukamjibu, "Bibi, hulala kwake."

Akasema, "Basi. Huyu mtoto analala hapa."

Tangu siku ile, neno hilo limekuwa somo letu. Jaji halali chumbani. Chumba kipimwe na yule anayelala ndani yake.

WAZEE WETU WALIFANYAJE?

Kupamba chumba si jambo la kigeni kwetu watu wa pwani. Mtu akienda Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ataona ndani ya nyumba za mawe kuta zenye zidaka. Kidaka ni kishubaka kilichojengwa ndani ya ukuta na kupigwa lipu ya chokaa. Vyumba vile ni virefu lakini ni vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba.

Basi mafundi hawakuishia kulalamika kuwa chumba ni chembamba. Walipaka chokaa nyeupe ili mwanga mdogo unaoingia usambae. Walichimba nafasi ya kuweka vyombo ndani ya ukuta, ili visijaze sakafu. Uzuri ulikuja kwa kutatua shida. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Sisi Mafia tunatazamana na Rufiji, na boriti za mikoko tunazijua vizuri. Tunao mnazi pia. Mnazi uliozeeka hutoa mbao. Sehemu ya nje ya shina ndiyo ngumu, ya ndani ni laini na haifai kubeba mzigo. Mama zetu husuka mikeka. Kamba za usumba zatokana na makumbi ya nazi zetu wenyewe. Hivyo vitu vya kupambia tunavyo.

Lakini tuonyane jambo moja. Zamani watu walichoma matumbawe ya baharini kupata chokaa. Tangu mwaka 1995 tunayo Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, na kuchimba matumbawe hai kunaharibu nyumba ya samaki. Haifai kupendezesha chumba chetu kwa kubomoa chumba cha samaki, halafu tukose kitoweo.

VIPIMO VITANO VYA CHUMBA

Kundi letu lilikaa likatengeneza vipimo vyake. Ni hivi.

1. Chumba ni kikavu? Anza juu. Tazama paa kabla ya pazia. Ukuta wa udongo ukipata maji kila mwaka, hata ukipakwa rangi ya bei kubwa utabomoka.

2. Hewa inapita? Usizibe dirisha kwa kabati. Dirisha na mlango vikitazamana hewa hupita vizuri zaidi. Jiko la kuni lisiwe ndani ya chumba cha kulala, maana moshi huumiza macho na mapafu, hasa ya watoto wachanga.

3. Mwanga unatosha? Ukuta mweupe husambaza mwanga. Kioo kikitundikwa kutazamana na dirisha huongeza mwanga. Hii ni hila ya wapambaji wa luninga, nasi tumeijaribu, tumeona ni kweli.

4. Mbu wanazuiwa? Mbu wa malaria huuma usiku, na mara nyingi humkuta mtu ndani amelala. Hupita dirishani, mlangoni, na pia katika upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Wataalamu walifanya utafiti nchini Gambia, wakautangaza mwaka 2009. Nyumba zilizowekwa nyavu madirishani na milangoni, au dari ya wavu, ziliingiwa na mbu wachache zaidi, na watoto wake walipungukiwa damu kwa uchache kuliko watoto wa nyumba nyingine. Basi wavu wa dirisha nao ni pambo. Hata hivyo chandarua kisiachwe.

5. Kuna usalama? Rafu inabeba mzigo wake? Kibatari kiko mbali na pazia na makuti? Vyombo vizito vimewekwa chini, visimwangukie mtoto?

Mnaona? Hatujataja rangi ya pazia. Si kwamba urembo haufai. Urembo unafurahisha moyo, na mtu maskini naye ana haki ya kufurahi nyumbani kwake. Tunasema uje baada ya hivi vitano. Mkeka mzuri uliosukwa kwa ukindu wa rangi, juu ya sakafu kavu, ndani ya chumba chenye mwanga, utashinda zulia la mjini.

TUFANYE SHINDANO LETU

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakasoma, wakajadili, halafu wakaenda kutenda: wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakaondoa maji yaliyotuama. Redio haikuwachimbia choo. Luninga nayo haitatutengenezea chumba.

Basi sisi tumekubaliana kufanya shindano, na tunawashauri nanyi mfanye hivi. Nyumba mbili za jirani zishirikiane. Kila nyumba ichague chumba kimoja. Siku ya kwanza msinunue kitu. Chukueni daftari, gaweni ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andikeni "Tulivyo navyo", upande wa pili "Vya kununua". Mtashangaa jinsi upande wa kwanza utakavyojaa. Kisha pangeni kikomo cha fedha, na mtu asikope.

Tofauti na kule Uingereza, mwenye chumba asifichwe. Aulizwe kwanza: "Usiku unapata shida gani humu?" Mwulizeni mama, mwulizeni na mtoto.

Majaji nao wapite mara mbili. Mara ya kwanza siku kazi inapokwisha. Mara ya pili baada ya masika. Mshindi atangazwe hiyo mara ya pili, si kabla.

Yule mwenzetu aliyenunua kabati ndiye wa kwanza kujiandikisha. Alipoanza kupata fedha tena alinunua makuti. Kabati amelikata, mbao zilizopona amefanya rafu fupi, akaifunga vizuri kwenye nguzo. Dirisha liko wazi, zulia limetoka, mkeka umerudi. Tulipokwenda kumtembelea Bibi hakusema neno la kusifu. Alijinyoosha mkekani mchana ule ule, akalala usingizi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mpambaji: mtu anayepanga na kupendezesha ndani ya nyumba.
Kidaka: nafasi ya kuwekea vitu iliyojengwa ndani ya ukuta. Wingi: zidaka.
Kikomo: mpaka usiopaswa kuvukwa.
Ukungu: hapa ni uozo mwembamba unaoota penye unyevu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KUNDI

1. Kwa nini rafu za mabirika zilianguka? Je, nyumbani kwako kuna kitu kilichowekwa kwa ajili ya kutazamwa tu?
2. Mwenzetu alisema, "Mgeni haangalii paa." Je, alikosea? Toeni sababu.
3. Mafundi wa Lamu walitatuaje shida ya chumba chembamba?
4. Pimeni chumba kimoja kwa vipimo vitano. Andikeni matokeo katika daftari, myasome mbele ya wenzenu.