Kodi Isomeke: Kurekebisha Fonti za Linux kwenye Laptop ya Mtumba

Laptop ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo, ikavushwa bahari kutoka Nyamisati hadi Kilindoni na kufika Baleni kisiwani, aghalabu huwa na skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1366 kwa 768. Ukipiga hesabu, hizo ni pikseli kama 112 kwa kila inchi. Simu nyingi za siku hizi zina zaidi ya mara mbili ya hapo. Kila herufi inachorwa kwa pikseli chache, kwa hiyo mpangilio mmoja ukikosewa, kodi inakuwa ukungu na macho yanauma kabla hata saa moja haijapita.

Wengi hukimbilia kupakua fonti mpya. Hiyo iwe hatua ya mwisho.

Anza na skrini yenyewe. Fungua terminali, andika `xrandr`, kisha tafuta nyota na alama ya kujumlisha kwenye mistari inayotokea. Nyota inaonyesha ukubwa unaotumika sasa. Alama ya kujumlisha inaonyesha ule ambao skrini imetengenezewa. Zikikaa mistari tofauti, umeshampata mchawi: picha inavutwa ili ijaze kioo, na hakuna fonti itakayokuokoa. Hakikisha pia ukuzaji wa skrini uko asilimia 100. Ukitaka maandishi makubwa, kuza fonti, usikuze skrini kwa asilimia 125.

Baada ya hapo nenda kwenye mipangilio ya fonti. Kwa mashine ya zamani napendekeza Xfce kama mazingira ya eneo-kazi, maana ni nyepesi na kila kitu kipo mahali pamoja: fungua mipangilio ya mwonekano, kichupo cha fonti. Washa ulainishaji wa kingo. Kwenye Hinting chagua Slight, ambayo huzinyoosha herufi kwa wima tu bila kuharibu umbo lake. Mpangilio wa pikseli ndogo uwe RGB, maana laptop nyingi zimepangwa nyekundu, kijani, bluu. Ukiona kingo za herufi zina rangirangi, zima hicho cha mwisho ubaki na kijivu. Miongozo ya zamani itakuambia usakinishe viraka vya Infinality. Achana navyo: tangu FreeType 2.7 ya mwaka 2016, kazi iliyotokana na Infinality imo ndani ya mfumo huo wenyewe wa kuchora herufi.

Hapo ndipo watu hushangaa: menyu zimependeza, lakini programu ya kuandikia kodi bado ina herufi zenye meno ya msumeno. Sababu ni kwamba programu za Java huchora herufi zake zenyewe, na mara nyingine hazisikilizi mipangilio ya mfumo. NetBeans ni mfano mzuri. Fungua faili la `netbeans.conf`, tafuta mstari wa `netbeans_default_options`, na ndani ya alama za nukuu ongeza maneno haya:

`-J-Dawt.useSystemAAFontSettings=lcd -J-Dswing.aatext=true --fontsize 14`

Hifadhi, funga programu, ifungue upya. Kama RGB ilikukataa, badala ya `lcd` weka `on`. Kwenye IntelliJ na Android Studio huna haja ya kugusa faili lolote. Mpangilio wa kulainisha kingo umo kwenye ukurasa wa mwonekano, na sehemu ya kuandikia kodi ina chaguo lake pekee. VS Code yenyewe hufuata mfumo vizuri. Kazi yako ni kuweka `editor.fontFamily`, `editor.fontSize` na `editor.lineHeight`. Kwa skrini niliyoitaja, 14 kwa 22 inatosha.

Sasa chagua fonti. DejaVu Sans Mono huenda tayari unayo, na ni imara kwenye skrini ya pikseli chache. JetBrains Mono na Hack nazo ni nzuri. Usiamue kwa uzuri wa sura. Andika `Il1 O0` na uone kama unazitofautisha bila kukodoa macho. Kisha andika `'ng'ombe'`. Kwenye Python mstari huo ni kosa, kwa sababu alama ya katikati inafunga maneno kabla ya wakati wake; dawa ni kuyazungushia nukuu mbili: `"ng'ombe"`. Na ukinakili neno hilo kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, alama inaweza kuja imepinda, na kompyuta inaihesabu kuwa herufi nyingine kabisa. Sisi tunaoandika ng'ombe, ng'ambo na ng'ara kila siku tunahitaji fonti inayoonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ukifanya kazi barazani mchana, tumia mandhari meupe na fonti ya unene wa kati. Mandhari meusi kwenye mwanga wa jua yanageuka kioo cha kujitazamia.

Kusakinisha hakuhitaji bando kubwa. Weka mafaili ya fonti kwenye folda ya `~/.local/share/fonts`, kisha andika `fc-cache -f`. Faili moja la JetBrains Mono halifiki megabaiti moja, na leseni yake inaruhusu kugawana bure. Basi ukishapakua, nakili kwenye flashi pamoja na `netbeans.conf` yako, umpe mwenzako wa Kilindoni au Utende asipoteze bando kwa kitu ambacho tayari unacho.