Usikate Waya wa Ardhi

Wahenga walinena, tahadhari kabla ya hatari. Mpenzi msomaji, muhula uliopita sisi wa fizikia tuliunda kikuza sauti cha siku ya wazazi: bodi ya saketi ndani ya kasha la chuma. Tulipokiunganisha na kompyuta, spika zikanguruma "mmmm". Mmoja wetu akasema, "Kata huo waya wa kijani, hauna kazi." Tukakata. Ngurumo ikaisha, tukashangilia. Mwalimu alipoona, alichomoa plagi mbio mbio. Kwa nini?

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni volti 240. Plagi ina miguu mitatu: moto, nyutro na ardhi. Mguu wa ardhi ndio mrefu zaidi, ili utangulie kuingia soketini. Waya wake, wa kijani na manjano, hufungwa kwenye kasha. Waya wa moto ukichubuka na kugusa kasha, mkondo mkubwa hupita kwenye waya wa ardhi na fyuzi hukatika. Bila waya huo, kasha hubaki na volti 240 likingoja mkono wako.

Wengine husema, "Si nitachimbia tu fimbo ya chuma nje?" Hebu tupige hesabu. Udongo wetu wa Garsen huwa tope Tana ikifurika, lakini kiangazi hukauka na kupasuka. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida. Tuseme upinzani ni omu 40. Gawanya 240 kwa 40, wapata ampea 6 tu. Fyuzi ya ampea 13 haikatiki ng'o! Hapo ndipo huhitajika swichi ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja miliampea 30 tu.

Na ngurumo je? Kompyuta ina waya wake wa ardhi, na kasha lina wake. Waya wa sauti ukiviunganisha, hutokea pete, na mkondo mdogo huzunguka humo. Dawa yake ni hii:

1. Chomeka vyombo vyote viwili mahali pamoja.
2. Unganisha sifuri ya bodi na kasha mahali pamoja tu, karibu na sauti inapoingilia.
3. Kwangua rangi kwa msasa kabla ya kukaza skrubu ya ardhi, kwa sababu rangi huzuia umeme.
4. Ikizidi kunguruma, pitisha sauti kwenye transfoma ndogo ya sauti.

Tuliurudisha waya wetu, tukafuata hayo, na wazazi wakasikia hotuba vizuri. Basi ndugu yangu, kelele huudhi tu, lakini umeme huua.