SOMO: RELI YA TALYLLYN, AU NAMNA GANI KITU KIZEE KINAPONA

Wengi wetu tunajua treni ya mazuti au ya umeme. Leo tujifunze juu ya treni ya mvuke, na juu ya watu waliokataa kuiacha ife.

Katika Wales, upande wa mangaribi wa kisiwa cha Britania, reli ya Talyllyn ilianza kazi katika miaka ya 1860. Ilibeba mawe ya kuezekea nyumba toka milimani mpaka mji wa Tywyn, karibu kilometa 11. Upana kati ya reli ni santimetre 69 tu.

Mwaka wa 1946 chimbo la mawe likafungwa. Mwenye reli, Sir Henry Haydn Jones, aliendelea kuitembeza bila faida mpaka kufa kwake mwaka wa 1950. Mbao za chini zilioza, majani yalifunika njia. Mashini zilikuwa mbili, na moja tu iliweza kutembea.

Basi, nani aliiponyesha? Serikali? Hapana. Tarehe 11 oktoba 1950, mwandishi L.T.C. Rolt na wenzake walikusanya watu mjini Birmingham, wakaunda shirika la kujitolea. Tarehe 14 mei 1951 treni yao ya kwanza ikatembea. Njo reli ya kwanza duniani iliyookolewa na watu wa kujitolea.

Sikieni fundisho. Mwaka ule walinunua mashini mbili za reli nyingine iliyofungwa. Moja ikawekwa njiani, ikaanguka katikati ya reli! Sababu gani? Magurudumu yake yalikuwa membamba, na reli zilikuwa zimeachana. Mashini nzuri haifai kitu kama njia imeoza. Kwa hiyo kazi yao kubwa ilikuwa kubadilisha mbao na kunyoosha reli, hata chini ya mvua.

Tena, mashini ya mvuke haiamki mara moja. Inapashwa kuwasha moto saa nyingi mbele ya safari, kusudi maji yachemke polepole. Mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha magurudumu. Maji yakipunguka sana ndani, ni hatari kubwa. Njo maana kijana haanzi na ushofa: anaanza na kupangusa mafuta na majivu, kisha anatia moto, mwisho anakuwa shofa.

MAULIZO (jibuni katika kaye)
1. Sababu gani ile mashini ilianguka?
2. Katika shule yetu, kitu gani kimezeeka, na kila mtu anangoja mwingine akitengeneze? Andika kazi ya kwanza unayoweza kuanza bila feza.