KATA YA MBEGE: SAYANSI YA POMBE YA NDIZI NA ULEZI

Katika miteremko ya Kilimanjaro, toka Machame hadi Rombo, mteja aingiapo katika kilabu cha pombe huketi kwenye benchi, huagiza nyama ya kuchoma na ndizi, kisha huletewa mbege ndani ya kata ya kibuyu au, kama ilivyo katika vilabu vingi siku hizi, ndani ya jagi la plastiki. Kinywaji hicho ni kizito, cha rangi ya kahawia, na chembe za ulezi huelea juu yake. Ladha yake huchanganya utamu, uchachu na uchungu. Bia ya chupa hubandikwa karatasi ielezayo kiasi cha alkoholi kilichomo. Kata haina karatasi. Mnywaji humwamini mpishi, na mpishi huuamini ulimi wake. Ili kujua imani hiyo inafika wapi, yafaa kwanza kufuata yatokeayo ndani ya chungu.

Kazi huanza na ndizi mbivu. Ndizi mbichi ina wanga mwingi, karibu sehemu moja kwa tano ya uzito wa nyama yake. Inapoiva, karibu wanga wote hugeuka kuwa sukari. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili kwa tone la ayodini: ndizi mbichi hugeuka rangi ya buluu nzito inayokaribia weusi, na iliyoiva sana hubadilika kidogo tu. Ndizi hizo huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, hupozwa, kisha huachwa pipani kwa siku kadhaa zichachuke. Tokeo lake huitwa nyalu, nayo huchujwa ili kupata maji yake.

Upande wa pili ni ulezi, na hapa ndipo penye ustadi mkubwa zaidi. Ulezi hulowekwa, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uchipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vya jamii ya protini vinavyoharakisha mabadiliko ya kemikali bila vyenyewe kutumika. Vimeng'enya viitwavyo amilesi huukata mnyororo mrefu wa wanga kuwa vipande vifupi vya sukari. Mmea mchanga huhitaji sukari hiyo ili ukue. Mpishi huukatiza ukuaji kwa jua na kuvichukua vimeng'enya kwa kazi yake mwenyewe. Kimea kilichoota ukungu hakifai hata kidogo, kwa kuwa baadhi ya kuvu hutoa sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi.

Kimea hupikwa kuwa uji, uitwao mso, ambao huchanganywa na maji ya nyalu. Joto la uji si jambo dogo. Amilesi hufanya kazi kwa wepisi kadiri joto linavyopanda kufikia nyuzi 60 hivi za Sentigredi, lakini maji yanayochemka huziharibu kabisa. Unga ukorogwao katika maji ya uvuguvugu na kupashwa moto polepole hupata nafasi ya kutoa sukari. Ukitupwa ghafla katika maji yanayotokota, nafasi hiyo hupotea. Wapishi walilifahamu jambo hili kwa mikono kabla halijapewa jina.

Darasani jaribio hili halihitaji pombe wala vifaa vya gharama. Mwalimu apike uji mzito wa mahindi, augawe katika vikombe viwili, na auache upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia joto lake. Katika kikombe cha kwanza atie kijiko kimoja cha kimea, na katika cha pili kijiko cha kimea kilichochemshwa kwanza katika maji. Baada ya dakika chache uji wa kwanza utakuwa mwepesi na kuanza kutiririka. Wa pili utabaki mzito. Katika mwaka 1983 watafiti Mosha na Svanberg walichapisha matokeo ya kazi yao kuhusu tabia hiyo hiyo ya kimea. Mtoto mchanga hawezi kumeza uji mzito, na uji mwepesi wa kawaida ni maji mengi na unga kidogo. Kimea hulegeza uji mzito bila kuongeza maji, hata kikombe kimoja kikabeba chakula kingi zaidi. Ni ajabu kidogo kwamba katika nyumba nyingi kimea hukumbukwa kwa ajili ya pipa la wazee kabla ya bakuli la mtoto.

Sukari ikishapatikana, hamira hushika kazi. Katika mbege ya jadi hamira hiyo hainunuliwi dukani: hutoka katika maganda ya ndizi, hewani, na katika kuta za vyombo vilivyotumika jana. Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1850 kwamba uchachukaji ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1897 Eduard Buchner akaonyesha kwamba hata maji yaliyokamuliwa kutoka katika hamira, yasiyo na chembe hai, huchachusha sukari. Hesabu yake ni nyepesi: gramu 180 za glukosi huweza kutoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo ndiyo povu.

Uchungu hutokana na gamba la msesewe, mti wa jamii ya Rauvolfia. Kutoka katika mmea mwingine wa jamii hiyo, unaoota Bara Hindi, wanakemia walipata mwaka 1952 dawa ya kushusha shinikizo la damu iitwayo reserpini. Kwa sababu hiyo gamba si kiungo cha kutiwa ovyo.

Mbege iliyo tayari haitulii. Hamira huendelea kula sukari iliyosalia, na bakteria huendelea kutengeneza asidi; kata ya asubuhi na ya jioni kutoka pipa moja si kinywaji kimoja. Ulimi nao hudanganyika, kwa maana sukari huficha ukali wa alkoholi, na asidi huweza kudhaniwa kuwa ukali huo. Haidromita iliyotumbukizwa katika kata haisaidii, kwa kuwa sukari na chembe za ulezi hubadili uzito wa kinywaji. Sampuli haina budi kukenekwa kwanza maabarani.

Sasa afikiriwe dereva aliyekunywa lita mbili kilabuni, akamaliza saa moja jioni. Iwapo mbege ina alkoholi asilimia 4 kwa ujazo, amemeza mililita 80, sawa na gramu 63 hivi. Iwapo ina asilimia 6, amemeza gramu 95. Nyama na ndizi alizokula huchelewesha alkoholi kufika katika utumbo mwembamba, ambako sehemu kubwa hufyonzwa, na hivyo hapandwi kwa ghafla; lakini kazi ya kuiondoa hubaki kwa ini, ambalo kwa mtu mzima huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Kwa mbege ya kwanza ini litamaliza kati ya saa saba usiku na saa kumi alfajiri. Kwa ya pili litamaliza kati ya saa kumi na nusu alfajiri na saa mbili na nusu asubuhi. Gari lake huondoka stendi saa kumi na mbili asubuhi, na kata zote mbili zilikuwa na ladha ile ile.