SOMO LA BIMA: Mgongo wa Mzee na Kifungu cha Sheria



Aliyebeba magunia, aliyeinama miaka mingi katika shamba la chai, au aliyesimama mbele ya mashine tangu ujana wake, anajua kwamba mgongo hausahau. Kazi huisha, maumivu hubaki. Kwa hiyo tunapodai bima ya afya ya uzeeni, haitoshi kuambiwa, "Bima inalipa." Ni lazima tuulize: inalipa nini hasa, na nini inamwachia mzee mwenyewe? Leo tutajifunza jambo hili kwa kutazama tiba ya mgongo katika bima ya wazee wa Marekani.

1. Bima yenyewe

Bima hiyo huitwa Medicare. Ni ya serikali, kwa watu waliotimiza miaka 65 na baadhi ya walemavu. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi sheria yake tarehe 30 Julai 1965, na ikaanza kazi Julai 1966. Vyama vya wafanyakazi vya nchi ile vilikuwa miongoni mwa walioidai kwa nguvu.

Medicare ina sehemu zake. Ya kwanza ni ya kulazwa hospitali. Kwa ajili yake mfanyakazi hukatwa dola 1.45 katika kila dola 100 za mshahara, na mwajiri hutoa kiasi hicho hicho. Ya pili ni ya matibabu ya nje, na ndimo ilimo tiba ya mgongo. Hii mzee huendelea kuichangia kila mwezi hata baada ya kustaafu. Mwaka 2024 mchango wa kawaida ulikuwa dola 174.70 kwa mwezi.

2. Tiba yenyewe

Tiba hiyo huitwa kairopraktiki. Ilianzishwa na D. D. Palmer mjini Davenport, katika jimbo la Iowa, mwaka 1895. Mtabibu wake hufanya kazi hasa kwa mikono: husukuma na kunyoosha pingili za uti wa mgongo. Tusimfananishe na mkandaji wa mtaani kwetu. Huyu husoma chuoni kwa miaka na hupewa leseni na jimbo lake.

Madaktari wa hospitali waliipinga tiba hii kwa muda mrefu. Taarifa ya serikali ya mwaka 1968 ilishauri isiingizwe katika Medicare. Hata hivyo Bunge liliiingiza kwa sheria ya mwaka 1972, na malipo yakaanza Julai 1973.

3. Mlango mwembamba

Bunge liliufungua mlango, lakini nusu. Medicare humlipa mtabibu huyu kwa kazi moja tu: kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, pale pingili zisipokaa au zisipocheza sawasawa. Akimpima mgonjwa, akimkanda misuli au akiagiza picha ya eksirei, hayo hayalipiwi. Picha hiyo hiyo ikiagizwa na daktari wa hospitali, Medicare huilipia sehemu. Tena, tiba ikiwa ni ya kumtunza tu mgonjwa asirudi nyuma, bila kutarajia nafuu zaidi, hailipiwi.

Tangu 1973 hadi mwisho wa 1999 mambo yalikuwa magumu zaidi. Sheria ilitaka picha ya eksirei ithibitishe ubovu wa mgongo kabla ya malipo, lakini haikumlipa mtabibu wa kairopraktiki kwa kupiga picha hiyo. Sharti hilo liliondolewa kuanzia Januari 2000. Miswada ya kupanua malipo ilipelekwa Bungeni mwaka 2019, 2021 na 2023, lakini mabunge hayo yalimaliza muda wake bila kuipitisha.

4. Tufanye hesabu

Bei hizi ni za mfano tu. Mzee aliyestaafu katika kiwanda cha magari anakwenda kwa mtabibu wa mgongo:

Kupimwa: dola 60
Picha ya eksirei: dola 50
Kunyooshwa mgongo: dola 40
Jumla: dola 150

Medicare hulipa asilimia 80 ya kile inachokikubali. Kinachokubaliwa hapa ni dola 40 tu, basi italipa dola 32. Mzee atalipa dola 118. Na hiyo ni baada ya kukamilisha kiasi cha kwanza cha mwaka kinachotoka mfukoni mwake, ambacho mwaka 2024 kilikuwa dola 240. Mzee huyu ana bima, na kadi anayo. Lakini sehemu kubwa ya gharama imebaki juu yake.

5. Je, tiba hii inafaa?

Mwaka 2017 chama cha matabibu wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba maumivu ya kiuno yajaribiwe kwanza njia zisizo za dawa, na kunyoosha mgongo ni mojawapo. Lakini si kila mgongo unafaa kusukumwa. Mzee mwenye mifupa iliyokonda anaweza kuvunjika. Mwenye ganzi sehemu za siri, miguu inayolegea, haja inayomtoka bila kujua, au homa pamoja na maumivu ya mgongo, aende hospitali mara moja.

6. Funzo letu

Haki haikamiliki kwa kutajwa katika sheria. Hukamilika au hupunguzwa ndani ya kifungu kidogo. Viongozi wa tawi wanapokaa mezani kuzungumzia bima, wadai kila kitu kiandikwe kwa jina lake: kupimwa, picha, dawa, mazoezi, na idadi ya safari za tiba. Neno "matibabu" peke yake ni gunia tupu.

Maswali ya kujadiliana tawini

(a) Bima au mfuko wetu unalipa nini mgongo ukiumia? Nani amekisoma kifungu chenyewe?
(b) Mfanyakazi akistaafu, haki hiyo inaendelea au inakoma siku ya mshahara wa mwisho?
(c) Ni mizigo gani kazini kwetu ingeweza kubebwa na toroli badala ya mgongo wa mtu?

Swali la mwisho msiliache. Mgongo uliookolewa leo hautahitaji kifungu kesho.